Mtamba Katika Sanduku la Wankyo

Jilala amelifungua sanduku, na ninyi mmekaa wiki nzima mkiulizana kuna nini ndani. Basi nawaambia.

Kuna ng'ombe.

Si yule ng'ombe wa gunia wa kwenye mchezo, mwenye magurudumu yanayolia kama mlango wa zahanati. Ng'ombe wa kweli. Mtamba mwekundu, ana kengele shingoni, anatafuna kitambaa cha hariri ambacho dakika mbili zilizopita kilikuwa kichwani mwa Wankyo.

Wankyo mwenyewe hayumo.

Kwa aliyedandia hadithi leo: hii ni sarakasi ya lori moja, mali ya mzee Jilala, iliyokuwa ikizunguka Musoma, Butiama na Bunda mwaka ule wa sabini na nne, mwaka ambao watu walihamishwa kwa nguvu wakaambiwa washangilie. Kila alasiri saa kumi waliigiza mchezo uleule wa nyimbo. Binti mfalme anapenda kijana wa mwezini, baba mfalme hataki, anamfungia binti sandukuni, binti anapotea, kijana anashuka kutoka mwezini kumtafuta. Baba mfalme ni Jilala. Binti ni Wankyo. Kijana wa mwezini ni Enoka, ambaye hutembea juu ya mironjo, ile miti mirefu inayofungwa miguuni, mpaka kichwa chake kinalingana na paa la ghala. Hata mchezo ukiisha wawili hawa wanapendana, na hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Watu wa Nyasura, hapo Bunda lori liliposimama siku hii, walikuwa wameona mengi mwaka ule. Waliona nyumba zao zikibomolewa na watu walioahidi nyumba. Waliona bomba likizinduliwa kwa ngoma na maji yakabaki ndani ya hotuba. Lakini mtu kugeuka mtamba, hilo walikuwa hawajaliona. Wakasimama wote uwanjani, wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mabati ya ghala la pamba.

Jilala akafanya anachofanya siku zote akipigiwa makofi. Aliinama. Kisha, kwa kuwa makofi hayakukoma, akaishika kamba ya yule mtamba akamzungusha uwanjani. Mzunguko wa kwanza, tabasamu. Mzunguko wa pili, akapunga kofia.

Hapo ndipo alipokwisha.

Mstari wa mbele aliketi mjane mmoja wa Butiama, jina lake Nyamburi. Alikalia kigoda chake mwenyewe, alichokibeba kutoka nyumbani kwa sababu hakuviamini viti vya watu wanaopoteza vitu. Akasimama taratibu, akajifunga vizuri kanga yake, akangoja makofi yapungue.

"Umeshika kamba, baba Wankyo," alisema. "Umezunguka nayo mbele za watu, mara mbili. Nashukuru. Sasa sisi ni wakwe."

Jilala akacheka. Alidhani ni utani wa Enoka, amempanga bibi wa watu ili kunogesha. Akatazama huku na huku kuona nani mwingine anacheka. Hakuna. Wazee wa mstari wa mbele walikuwa wakiitikia kwa vichwa kama watu waliosikia hukumu nzuri.

Jilala ni wa kutoka Usukumani, hakujua. Mimi nitawaeleza, maana hata baadhi yenu mnaosoma mjini mmeanza kujisahaulisha. Kwetu huko Mara, mama mwenye ng'ombe asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa mahari, anamleta msichana kwenye mji wake, msichana anapata watoto na mwanamume anayekubalika, na watoto wanaitwa kwa jina la nyumba ile. Nyumba ntobu. Wala si jambo la kunong'onezwa. Na kwa ukoo wa Nyamburi, mzazi wa binti akishika kamba ya mtamba wa kwanza mbele ya mashahidi, amekwisha pokea. Hakuna fomu, hakuna muhuri.

Mashahidi walikuwa uwanja mzima.

Jilala akajaribu kusema yeye si baba hasa. Hapo akakwama. Alimchukua Wankyo kwa shangazi yake Mugango akiwa mtoto wa miaka saba, na tangu siku hiyo kila kizuizi cha barabarani amekuwa akiwaapia askari kuwa huyu ni binti yake wa damu. Askari wawili kati ya hao walikuwepo pale, wamekaa, wanakula miwa.

Akajaribu njia nyingine. Akasema jamani, mama, huu ulikuwa mchezo.

"Sanduku lako ni la mchezo," Nyamburi akamjibu. "Ng'ombe wangu si wa mchezo. Njoo umguse. Na wenzake wako nje."

Wenzake walikuwa nje kweli. Walikuwa kwenye bustani ya ofisi ya tawi, wanakula maua yaliyopandwa kwa ajili ya mgeni rasmi ambaye tangu mwaka juzi anakuja.

Ndiyo maana katibu alifika mbio.

Ndugu Boniphace, katibu wa tawi. Huyu tunamjua. Enzi za mkoloni alikuwa akimbebea chifu kiti, na siku ya uhuru akawa wa kwanza kukikalia. Ni yeye aliyeukagua mchezo wa Jilala kabla ya kutoa kibali, akaona mapenzi ni mengi mno na uzalishaji ni mdogo. Wimbo wa Enoka ulikuwa unasema, mpenzi ukipotea nitakufuata mwezini. Boniphace akachukua kalamu nyekundu akasahihisha: ndugu ukipotea nitakufuata kijijini. Enoka akawa anauimba hivyo huku analia machozi ya kweli, na watu wakidhani analilia kijiji chake cha zamani wakawa wanalia naye.

Boniphace alipoambiwa kisa chote, aliamua kesi isikilizwe palepale. Umati umekwisha kusanyika, alisema, na kuutawanya umati bila hotuba ni hasara kwa taifa. Watu wakaketi tena. Hakuna aliyeondoka. Nusu yao waliamini hii ni sehemu ya pili ya mchezo, na Robi, mama mpiga kodiani, vidole vyake viliamini hivyo pia. Kila mtu alipomaliza kusema, Robi alijikuta anambonyezea kodiani kidogo.

Na Enoka je?

Enoka alikuwa juu. Mironjo ile hufungwa kwa mikanda nyuma ya goti, na aliyeivaa hawezi kujifungua mwenyewe. Wafunguaji walikuwa wawili. Mmoja ni Jilala, ambaye sasa alikuwa ameshika kamba ya mtamba kwa vidole viwili, anaogopa kuishika na anaogopa kuiachia. Mwingine ni Wankyo, ambaye amepotea. Basi mchumba wetu akaegemea paa la ghala, akashiriki kesi yake ya maisha akiwa angani.

Kutoka huko juu akatangaza kwamba Wankyo ni wake, wamepatana tangu Krismasi, na hakuna ng'ombe atakayewatenganisha. Alisema vizuri. Robi akambonyezea kodiani ndefu.

Nyamburi akakinga jua kwa mkono ili amwone vizuri. Akauliza kijana huyu ameleta nini.

Enoka akaonyesha kwa kidole ng'ombe wa gunia. Katika mchezo, ile ndiyo mahari anayoshuka nayo kutoka mwezini. Sijui alitegemea nini. Nyamburi akamwendea yule ng'ombe, akamfinya ubavuni, akauliza ndani mna nini.

Enoka akajibu, pamba.

Afadhali angesema nyasi. Boniphace aliruka kama amekanyaga kaa la moto. Pamba ipi? Ya daraja gani? Imepitia mzani wa nani? Pamba ni mali ya umma, na hapa kuna wasanii wasio na hata tuta moja wanaitembeza ndani ya mnyama. Akatoboa gunia kwa kalamu, akatoa nyuzi nyeupe, akaziinua juu watu wazione. Kwa nusu saa hapakuwa na kesi ya ndoa. Palikuwa na kesi ya ng'ombe wa gunia. Mwishoni akamtangaza kuwa kielelezo cha serikali, na ili kielelezo kisiibiwe, akamkalia.

Akiwa amekaa pale, magurudumu yakisogea kidogokidogo, akasema neno lililowanyamazisha watu wa lori.

Jumamosi, alisema, daftari la vijiji, kuanzia Nyasura mpaka Butiama, linafungwa. Kila mtu lazima awe ameandikwa kwenye kaya fulani, kijiji fulani. Lori si kijiji. Asiyeandikwa atachukuliwa Jumamosi hiyohiyo na kupelekwa kwenye vijiji vipya vyenye upungufu wa watu, mmoja mmoja, kadiri ya mahitaji. Jilala upande wake. Enoka upande wake. Wankyo popote atakapoonekana, upande wake.

Msomaji, vijiji hivyo vipya nilivipita kwa mguu. Palikuwa na vigingi vya mbao vimepigwa ardhini, kila kigingi na namba, na chini ya kila namba familia imekaa juu ya magodoro inanyeshewa. Hayo hayakuandikwa gazetini wakati ule. Naandika leo.

Enoka akashika bati kwa mikono miwili. Jilala akasahau kuogopa kamba akaishika sawasawa.

Ndipo Wankyo akaingia.

Hakutokea nyuma ya watu na kikapu cha maua kama inavyokuwaga kila siku. Aliingia kutoka upande wa bustani walikokuwa ng'ombe, tope magotini, nywele wazi. Akapita katikati ya uwanja na kwenda kusimama upande wa Nyamburi. Jilala akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake, ni nani aliyemwingiza huyu mnyama kwenye sanduku.

"Mimi," Wankyo akasema. "Mlango wa nyuma unaujua wewe na mimi tu. Mama huyu alivuta pembe, mimi nilisukuma, kisha akawahi kigoda chake. Miaka kumi unanipoteza kila siku saa kumi, baba, na saa kumi na moja unanirudisha. Leo nimepotea mwenyewe."

Robi aliinua kodiani, akaishusha bila kuibonyeza.

Wankyo alieleza kila kitu, na hakueleza kwa kulia. Alikutana na Nyamburi sokoni Butiama majuma matatu nyuma. Mama yule alimwonyesha shamba, akamwonyesha kiwanja cha nyumba, akamwambia mwanamume atakayelala humo atamchagua mwenyewe. Kwenye daftari ataandikwa jina lake, kaya inayojulikana, na Jumamosi hakuna atakayempandisha lori. Hakuchoshwa na Jilala, aliyemlea vizuri. Alichoka kuwa mtu ambaye kazi yake ni kutokuwepo.

Kisha akainua uso kumtazama Enoka.

"Na wewe uje," akamwambia. "Mama amekubali. Utakuwa mtu wangu, utaingia kwenye daftari pamoja nami. Lakini mji ni wa mama, na watoto wataitwa kwa jina la marehemu mume wake."

Enoka akaanza kuhesabu mabati ya paa. Huyu ni kijana aliyeahidi mbele ya umati wa Musoma, Bunda na Butiama kumfuata mwanamke mpaka mwezini. Sasa anaombwa kumfuata mpaka Butiama, mwendo wa asubuhi moja, na anafikiria. Wanaume wa uwanjani wakaanza kumwonea huruma. Wanawake wakaanza kumzomea. Mama mmoja wa nyuma akamuuliza kama huko juu kuna baridi inayogandisha ulimi.

"Nitakuja," akasema mwishowe, na shangwe iliyopigwa ilimfanya ayumbe.

Mnadhani yameisha. Mmemsahau Boniphace.

Boniphace akasimama kutoka kwenye kielelezo, akakohoa kiserikali. Akasema ameyasikia yote, na kwa mamlaka aliyopewa anaibatilisha ndoa hii. Mwanamke kumwoa mwanamke ni mambo ya kale, hayamo kwenye siasa ya nchi, na tawi lake haliwezi kuandika upuuzi. Binti atasubiri Jumamosi kama wenzake. Mtamba, kwa kuwa sasa hana mwenyewe, atakuwa mali ya kijiji, na kijiji kitamla siku ya mgeni rasmi.

Nyamburi hakupandisha sauti. Alimsogelea karibu kama mtu anayetaka kumtoa mwenzake mdudu kwenye kola.

"Boniphace mwanangu," akasema, "mama yako Susana aliolewa na nani?"

Boniphace akaanza kufunga kalamu yake nyekundu.

"Mimi nilikuwepo. Nilikuwa msichana, nilibeba kibuyu cha maziwa siku hiyo. Susana aliolewa na bibi aliyekuwa na ng'ombe na hakuwa na mtoto. Jina la ukoo unaloandikia barua zako za serikali ni la nyumba ya bibi yule. Hatukukucheka nalo hata siku moja, maana ni jina zuri. Sasa niambie mbele ya hawa watu. Kama yangu ni batili, wewe ni wa nani?"

Katibu akarudi kukaa. Alikaa kwa uzito wote wa cheo chake, na ng'ombe wa gunia, ambaye alikwisha tobolewa, akapasuka. Pamba ya umma ikaruka, ikamtua kichwani, ikamfanya mzee wa ghafla. Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa wale askari wawili, na wao walijifanya wamepaliwa na miwa.

Boniphace akaomba daftari.

Kwa wakuu wa kaya, fomu ilikuwa na nafasi mbili tu, mume na mke. Akaiangalia muda mrefu. Hatimaye kwenye mume akaandika Nyamburi, kwenye mke akaandika Wankyo. Kisha, kwa kuwa mtu wa namna yake hawezi kushindwa bila kutoa amri, akamkumbusha Nyamburi kwamba waume wote wa kijiji wanaripoti mgambo Jumatatu. Nyamburi akauliza kama fimbo ni za kupewa au aje na yake.

Ikabaki nafasi ya tatu chini, wanakaya wengine. Hiyo ndiyo ya Enoka.

Wankyo akamfungua mikanda. Enoka akashuka, akasimama ardhini, na watu wakakasirika kidogo kuona ana kimo cha kawaida. Lakini kabla jina lake halijaandikwa, Nyamburi akainua mkono. Mtu haingii mji wa watu bila kuulizwa ni wa nani, akasema. Ni lazima ajulikane ametoka kwa nani, damu isije ikagongana na damu. Mzazi yeyote huuliza hivyo, hakuwa na nia mbaya.

Enoka akajibu bila wasiwasi. Mama yake ni Jenoveva wa Bweri, muuza dagaa, amekwisha fariki. Baba hakumwona zaidi ya mara tatu. Alikuwaga analeta ng'ombe mnadani Musoma, analala, anaondoka.

"Hakuwa na jina?" Nyamburi akauliza.

"Makongoro. Mama alisema ukitaka kumjua, tafuta mzee mwenye koti la askari wa vita, viraka vya bluu kwenye viwiko. Halivui hata jua likiwaka."

Nyamburi akatafuta kigoda chake kwa mkono wa nyuma. Akakikosa. Akakaa chini, mavumbini.

"Viraka nilishona mimi," akasema. "Nikamzika nalo."

Uwanja ukalipuka. Wazee wakasimama. Miaka yote mama huyu amekaa bila mtoto wa kiume, na mtoto wa Makongoro yuko hapa, anatembea angani Mara nzima anaimba. Nyamburi akainuka, akamshika Enoka masikio, akamgeuza uso huku na huku, anacheka na machozi yanatoka. Jilala mwenyewe alikuwa analia na kamba mkononi. Robi akashambulia kodiani kwa wimbo wenye maneno ya zamani, ya mwezini, yale yasiyosahihishwa.

Wanawake wa mstari wa mbele ndio walionyamaza kwanza. Kisha wazee. Mmoja baada ya mwingine wakaelewa, na kimya kikasogea nyuma safu kwa safu mpaka kikamfikia Robi.

Wankyo ameolewa katika nyumba ya Makongoro, azae kwa jina lake. Enoka ni mtoto wa Makongoro.

Kwa hesabu ya mji ule, huyu binti aliyesimama na mikanda ya mironjo mkononi si mchumba wake tena. Ni mama yake.

Boniphace alielewa mapema kuliko wote, na pamba kichwani ikatetemeka kwa furaha. Akasema jambo ni jepesi. Kama binti ni mke wa nyumba ile, mtoto wa nyumba amwamkie, yeye aitikie, naye atagonga muhuri. Kama hataitikia, basi hakuwa mke, jina linafutwa, na lori la Jumamosi lina nafasi.

Nyamburi akamtazama Wankyo, akamtazama Enoka. Alikuwa amepata vyote viwili kwa siku moja, na sasa alikuwa akiona kimoja kinamponyoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mwamkie."

Enoka alilelewa Bweri na mama mkali. Mtu mzima akimwambia aamkie, mdomo wake unatangulia akili. Alikwisha sema kabla hajajua anasema nini.

"Shikamoo, mama."

Muhuri ulikuwa hewani. Wankyo akafumbua mdomo.